Bikoni ikipotea: kabla hujamwita mpima ardhi

Mwenye ploti au shamba anayefika katika ofisi ya mpima ardhi hapa Malindi huomba, kwa kawaida, awekewe bikoni mpya, yaani alama ya kona ya mpaka, ambayo mara nyingi ni nondo ya chuma ndani ya zege. Kwa miaka mingi niliyofanya kazi ya usaidizi wa upimaji, nikibeba vifaa, kufyeka vichaka na kuchimba mahali nilipoelekezwa, nimelisikia ombi hilo kuliko jingine lolote, na ushauri ninaotaka kuutoa unahusu kasoro iliyomo ndani yake. Mpima ardhi hana mamlaka ya kuamua kona ya shamba ingefaa kuwa wapi. Anachotafuta ni mahali bikoni ya kwanza ilipowekwa siku ardhi ilipogawanywa, ili airudishe pale pale, hata kama aliyeiweka alipima kwa cheni iliyolegea na kipimo chake kikazidi au kupungua kidogo. Kwa hiyo chochote kinachoonyesha mahali pa zamani ni mali yako, na chochote kinachofuta dalili hizo ni hasara yako, hata kama umekifanya kwa nia ya kusafisha kiwanja.

Jambo la kwanza ni kujua mpaka wako ni wa aina gani, kwa kuwa hapa kwetu aina mbili huishi bega kwa bega. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayathibitishe ndipo wapewe hati, na viwanja vingi vya mjini na mashamba ya kandokando ya bahari vilivyotokana na utaratibu huo vina mipaka thabiti: kila kona ina bikoni, na ramani yake inaonyesha mwelekeo wa kila mstari na urefu wake. Ukielekea bara, mashamba mengi yaliyotolewa kwa njia ya ugawaji na mipango ya makazi yana mipaka ya jumla, ambayo ardhini ni ua wa minyaa, safu ya mkonge au njia ya miguu, na ambayo kwenye ramani ya usajili huchorwa kama kielelezo tu. Nimewaona watu wenye heshima zao wakiweka rula juu ya ramani kama hiyo na kudai mita mbili kutoka kwa jirani. Ramani ikiwa ya kipimo cha 1:2500, milimita moja ya karatasi ni mita 2.5 za ardhi, hivyo unene wa mstari wa kalamu peke yake unaweza kuimeza njia ya mkokoteni.

Nyaraka zitafuteni kabla ya kwenda shambani. Pamoja na hati na matokeo ya upekuzi rasmi wa usajili, ardhi yenye mipaka thabiti huhitaji nakala ya ramani ya upimaji iliyohifadhiwa na idara ya upimaji ya serikali, ambayo makao yake yako Ruaraka, Nairobi. Ramani za zamani zimeandikwa kwa futi, na futi moja ni mita 0.3048, asiyegeuza vipimo kwa uangalifu hujikuta akichimba mbali na bikoni akaapa kwamba imeibwa. Hata ploti za karibuni zina mtego wake. Dalali husema "hamsini kwa mia", mnunuzi hufika na utepe wa futi, kisha hulalamika kwamba jirani amemla upande mmoja, ilhali ploti ilipimwa kwa mita 15 kwa 30, ambazo ni futi 49.2 kwa 98.4. Hakuna aliyemla mtu. Ukubwa ulioandikwa kwenye hati nao huandikwa kuwa ni takriban, na katika kutafuta kona ndio ushahidi wa mwisho kabisa: bikoni ya asili ikipatikana haijaguswa, ndiyo inayosema, na hesabu ya hekta huifuata.

Shambani, mpima ardhi makini haanzi na kona iliyopotea. Huanza na zile zilizopo, za kwako na za majirani, kwa sababu bikoni moja haimwambii kitu na mbili zinaweza kuwa zote zimesogezwa. Hupima kati ya bikoni tatu au zaidi, akalinganisha umbali na pembe na zilivyo kwenye ramani, na zikikubaliana ndipo hupiga hesabu ya mahali iliyopotea ilipopaswa kuwa. Mahali hapo pa hesabu ni pa kuanzia kuchimba tu. Wengi hukasirika wakiona kigingi cha muda kimechomekwa halafu mpima ardhi anaanza kuwauliza wazee na kuzungukazunguka kwenye majani, wakidhani hajui kazi, kumbe hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Udongo wa Malindi una tabia zake. Karibu na bahari, kwenye mwamba wa matumbawe, tundu lililotobolewa kwa ajili ya nondo hubaki hata nondo ikiwa imekwisha, na ukifagia mchanga kwa mkono utaliona. Upande wa Mambrui na kandokando ya ghuba upepo huhamisha mchanga, na mto Sabaki huleta matope yanayoupanua ufuo, kwa hiyo bikoni iliyoonekana zamani inaweza kuwa salama kabisa chini ya futi kadhaa za mchanga. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali mtu akupimie kuanzia "pale maji yalipokuwa yakifika". Kwenye shamba la udongo mwekundu, chumvi na mvua hula nondo, lakini kutu yake huacha doa. Nakumbuka shamba moja la upande wa Ganda ambapo ndugu wawili hawakusalimiana kwa ajili ya kona iliyokuwa karibu na mkanju. Mzee mmoja jirani alitwambia, "Wanangu, hapo mnapochimba ni pa ua mpya, jiwe lilikuwa upande wa jua linapotoka." Tukasogea, tukakwangua udongo kwa jembe tabaka baada ya tabaka, bila kupiga kwa nguvu, mpaka likatokea doa la rangi ya kutu lenye upana wa mdomo wa kikombe, na kando yake vipande vya zege. Nondo haikuwepo. Vipimo kutoka bikoni tatu za majirani viliangukia pale pale, na mpima ardhi hakuhitaji ushahidi mwingine. Kona kama hiyo imefutika lakini haijapotea, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa maana iliyopotea kabisa hurudishwa kwa hesabu peke yake, na kila mwenye kinyongo ataipinga.

Ndiyo sababu ninawasihi wenye ardhi wasilete tingatinga kusafisha kabla ya upimaji, wasimruhusu fundi kuchimba shimo la choo kwenye kona, na wasiinyooshe nondo iliyoinama. Nondo iliyoinama hupimwa kwenye shina lake ndani ya zege. Ukiinyoosha kwa nyundo umeutikisa ushahidi wako mwenyewe.

Siku hizi kuna vijana wanaokuja na simu na kuonyesha kona kwenye kioo. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba vipimo vya ramani nyingi za Kenya vimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ambao ni utaratibu wa kuzipa sehemu za ardhi nambari za mahali zilipo, au mifumo ya zamani zaidi, wakati setilaiti hutumia mfumo mwingine, WGS84, na nambari za kona ile ile katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa karibu mita 300. Mwenye mtambo mzuri wa setilaiti hufanya kazi sahihi kabisa, mradi aanze kwa kulinganisha vipimo vya mtambo wake na bikoni za zamani.

Kuhusu sheria nitasema machache. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, inaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mipaka yenyewe haijaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, kwa hiyo anayekimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi bila kupitia kwa Msajili wa Ardhi huenda akarudishwa mlangoni baada ya kumlipa wakili. Andika barua kwa Msajili, majirani wapewe taarifa, na siku ya upimaji wawepo wao au wawakilishi wao, pamoja na mzee wa mtaa. Jirani aliyeona nondo ikitokea ardhini kwa macho yake hana la kubisha. Aliyeletewa habari ana mengi. Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai, na lamhusu mwenye shamba sawasawa na jirani yake. Ada lipa ofisini upewe risiti.

Bikoni ikisharudishwa kwa nondo mpya ndani ya zege, kazi yako haijaisha. Kabla watu hawajatawanyika, pima kutoka kwenye bikoni hadi vitu vitatu visivyohama, kwa mfano pembe ya ukuta wa mawe, kisima na shina la mwembe mkubwa, uandike umbali huo kwa mita na sentimita, upige picha inayoonyesha bikoni pamoja na vitu hivyo, na umwombe mpima ardhi nakala ya taarifa yake. Karatasi hizo zifungwe pamoja na hati. Siku utakapouza au kurithisha, zikabidhi pamoja na ardhi, umpeleke mwenye mpya kwenye kila kona mbele ya majirani, na umwonyeshe bikoni kwa kuifukua kidogo, kisha uifunike tena.