Athens hadi Roma: Usiamini Saa za Ratiba Kabla ya Kuzipigia Hesabu

Wiki hii msomaji mmoja anayejiandaa kwa safari ya Ulaya ameniuliza kwa nini ratiba yake ya Athens kwenda Roma inaonyesha tofauti ya saa moja na dakika chache, ilhali ya kurudi inaonyesha saa tatu na zaidi. Nimefurahi kuulizwa, kwa sababu swali hilihili liliwahi kunivunjia heshima mbele za watu.

Kati ya uwanja wa Athens na ule wa Fiumicino kuna takriban kilomita 1,090, na ratiba nyingi huipa safari hiyo saa mbili na dakika chache, kwenda na kurudi. Kinachotofautiana ni saa za ukutani: Ugiriki iko mbele ya Italia kwa saa moja mwaka mzima, na kila uwanja huandikwa kwa saa zake. Anayeondoka Athens saa nne asubuhi hutua Roma saa tano na kitu. Anayeondoka Roma saa nne huingia Athens saa saba na kitu.

Nilipokuwa nikipanga kurudi nyumbani kupitia Athens kwa tiketi mbili tofauti, wakala wangu alishikilia kwamba, kwa kuwa kwenda ni saa moja, kurudi nako ni saa moja. Nikiondoka Roma saa kumi jioni, alisema, saa kumi na moja nitakuwa Athens, nami nitaiwahi ndege ya saa moja na nusu usiku. Nilipomweleza kwamba nitafika saa moja usiku, wakati dirisha la mizigo limekwisha kufungwa, alinijibu kwa sauti, wateja wakisikia, kwamba yeye alianza kukata tiketi kabla sijapanda ndege. Maneno hayo bado yananiuma. Hata hivyo sikulipa mpaka aliponihamishia ndege ya asubuhi, na siku ya safari nilikabidhi mizigo yangu Athens bila kukimbia. Najivunia msimamo ule.

Ndugu zangu, tuache kusafiri kwa kuambiwa. Sisi tuliozoea Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita 850 hivi pasipo saa kubadilika, hudhani kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika kunatosha. Geuza kwanza saa zote ziwe za mji mmoja, ndipo utoe. Wala usigawanye kilomita kwa mwendo wa ndege ukaridhika: angani huenda ikawa saa moja na nusu tu, lakini ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, pamoja na foleni ya kuruka. Narudia, geuza saa kwanza.

Umbali nao una kazi yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hupima fidia kwa kilomita: kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, kama hii, ni yuro 250 ukichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi, isipokuwa chanzo ni jambo lisiloepukika, kama vile hali mbaya ya hewa. Dai haki yako kwa saa sahihi: Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua mwaka 2014 kwamba muda wa kufika ni pale mlango mmojawapo wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa ardhi.