Kobe hajanuna, ndivyo alivyo

Mwaka wa kwanza niliishi na kobe nikiamini kabisa kwamba ananichukia. Jirani yangu hapa Durham, North Carolina, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa anahamia kwenye nyumba ya wazee na hakuwa na wa kumwachia Otis, kobe aliyemnunua dukani miaka ya tisini. Nikasema nipe mimi. Mtu wa Tanga, kobe anishinde nini? Nikamweka sebuleni ndani ya tangi la kioo la kufugia samaki, nikamkatia saladi, nikakaa kungoja anizoee.

Kutwa akawa anakwaruza kioo, pembe ileile, mpaka usiku nikawa nausikia mkwaruzo huo ndotoni. Nikimshika, anajifunga. Na huyu akijifunga amejifunga: anaitwa kobe-sanduku, kwa kuwa gamba lake la tumboni lina bawaba. Akilivuta, mbele na nyuma panafungika, hata unyasi haupenyi. Kwetu pia wapo kobe wenye bawaba, ila yao iko mgongoni kwa nyuma, na hawajifungi kote namna hii. Mimi nikatafsiri: amenuna. Kumbe kobe hana kununa. Umemwinua kutoka ardhini, na kwa kobe kinachomwinua ni mdomo wa mnyama. Na kioo hakijui ni kitu gani. Anaona upande wa pili, anataka kupita, anajaribu tena, kesho tena.

Kilichonizindua ni macho. Yalivimba yakafumba, akaacha kula. Daktari wa wanyama (tafuta anayejua wanyama watambaao, wengi wamezoea mbwa na paka) aliniuliza swali moja tu: anakula nini? Nikajibu saladi. Akatikisa kichwa. Upungufu wa vitamini A, akasema, na hewa ya sebuleni imemkausha. Kobe-sanduku ni wa msituni, kwenye majani yaliyooza na unyevunyevu. Anakula nyungunyungu, koa, konokono, uyoga, forosadi zilizodondoka. Saladi kwake ni maji yenye rangi. Dawa za macho alitoa yeye. Usizinunue kwa kubahatisha, vitamini A ikizidi nayo inadhuru.

Nikamhamishia uani. Hapa ndipo ningetaka uanzie wewe, usipite njia yangu. Nilizungusha mbao eneo la hatua nne kwa tatu, nikazizamisha ardhini kama futi moja kwa sababu anachimba, na juu nikapigilia ubao ulioingia ndani kwa sababu anapanda pia. Ndiyo, kobe anapanda. Nusu iwe jua, nusu kivuli. Udongo laini, majani makavu kibao, na sinia pana la maji yasiyopita kidevu chake, ubadilishe kila siku maana atajisaidia humohumo. Kama huna ua, ndani inawezekana, lakini utahitaji taa ya UVB (inayotoa miale kama ya jua), sehemu ya joto na sehemu ya ubaridi, na kunyunyiza maji kila siku. Bila miale ile au jua lenyewe, gamba na mifupa hulegea. Ili apate kalisi nampa mfupa wa dome, kile kitu cheupe chepesi tulichokuwa tukikiokota ufukweni utotoni. Huku kinauzwa kwenye duka la ndege, na kwa bei ambayo nikiwaambia watu wa nyumbani watacheka.

Kukwaruza kukaisha ndani ya wiki. Nikaanza kumwona.

Mvua ikinyesha, asubuhi yake anatoka. Anasimama juu ya majani yaliyolowa, shingo imenyooka, kichwa amekiinamisha upande. Wanasema ukiona kobe kainama, anatunga sheria. Huyu wangu anatunga kifo cha nyungunyungu. Anatulia, anatulia, halafu shingo inachomoka kwa kasi ambayo hukuitegemea, na mdudu anavutwa huku miguu ya mbele ikimkanyaga. Akila stroberi anajipaka mpaka kwenye macho. Jua likiwa kali la mchana anajifukia, humwoni hadi jioni. Wakati ule wa tangi ningesema anaumwa.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Juni, akaanza tena kuzungukazunguka ukutani, hali chakula, hatulii. Nilikuwa karibu kumpeleka kwa daktari. Jioni moja nikamkuta amechimba kwa miguu ya nyuma, polepole, anashusha mayai. Manne. Otis, dume wa bibi kwa miaka yote ile! Ningeangalia tumbo ningejua: dume mara nyingi ana mbonyeo chini na macho mekundu, huyu tumbo bapa, macho ya kahawia. Mayai hayakuanguliwa. Jina hatukubadilisha.

Vuli akigoma kula usimlazimishe. Anajiandaa kulala usingizi wa baridi, kuanzia Novemba hivi mpaka machipuko, chini ya udongo na majani. Aliye mgonjwa au mkondefu asilale bila ushauri wa daktari. Kibaya kuliko vyote ni chumba cha vuguvugu: baridi ya kumnyima hamu ya kula, joto la kumnyima usingizi. Anajila mwenyewe taratibu.

Na usiokote wa porini. North Carolina ilimfanya mtambaazi rasmi wa jimbo mwaka 1979, na kila jimbo lina sheria zake za kumfuga, ziulize. Lakini hata pasingekuwa na sheria: mtafiti Lucille Stickel, aliyeanza kuwafuatilia kwenye msitu wa Patuxent, jimbo la Maryland, mwaka 1944, alionyesha kuwa kobe hawa hubaki kwenye kipande kilekile cha msitu mwaka baada ya mwaka. Ukimhamisha atatangatanga akitafuta kwao. Ukimkuta barabarani, mvushe kuelekea kulekule alikokuwa anaenda, basi. Na nawa mikono kila ukimshika, kwa ajili ya salmonela, vile vijidudu vya kuharisha. Hasa watoto wadogo, wasimbusu.

Anaweza kupita miaka hamsini, kwa hiyo nimeshazungumza na mpwa wangu kuhusu nani atamrithi. Alidhani namtania.

Sasa hivi ni Januari. Amelala kwenye kona ya mashariki, nimemwekea jiwe la alama na sijafukua, ingawa mkono unawasha. Jana nilimpigia mama Tanga. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, kobe wenu ameamka?

Bado, mama.

"Muacheni alale."