Hiace yako inalia wapi? Majibu ya maswali yenu ya kelele

Wiki hii maswali yamekuja mengi afu karibu yote ni ya kelele, na karibu yote ni ya Hiace za zamani, zile za umbo lililotoka 1989 ambazo huku kwetu Mbeya bado zinabeba viazi, wanafunzi, maharusi na misiba kama kawaida. Nimechukua saba. Walionitumia sauti ya dakika nne huku redio inaimba nyuma nawapenda ila zimeni redio kwanza, nitasikiaje jamani.

"Shikamoo fundi. Yangu inagonga ngo ngo ngo mbele kushoto, mwendo mdogo kwenye vumbi, kwenye lami kimya. Shokapu za mbele zimebadilishwa zote mbili na bado iko vilevile. Niuze?" (Msomaji, Uyole)

Marahaba. Usiuze. Pole na hela ya shokapu, hapo ndo watu wengi tunapigwa, ukisema "inagonga mbele" tu basi unaambiwa shokapu. Shokapu iliyokufa mara nyingi inafanya gari inese, bonyeza kona ya bampa kwa nguvu uachie, ikiendelea kupanda na kushuka kama kitanda cha springi basi hapo sawa, kanunue. Lakini ngo ngo ya haraka haraka kwenye vishimo vidogo, tena lami hamna kitu, mimi naanzia stabilaiza. Ile nondo inayopita chini kuunganisha mguu wa kushoto na wa kulia, kwenye ncha ina linki zenye raba na kwenye chasi imeshikwa na raba mbili. Raba zikilika, nondo inapata nafasi. Sasa kwenye vumbi tairi moja linapanda lingine linashuka, nondo inajikunja na kugonga chuma, ila kwenye lami nzuri miguu yote miwili inakwenda pamoja, kwahiyo inatulia.

Jaribio lake ni bure. Fungua linki pande zote mbili (ukifungua upande mmoja umejidanganya), funga nondo kwa waya isiguse kitu, afu rudi barabara ileile, shimo lilelile, mwendo uleule. Gari italala zaidi kwenye kona kwahiyo zunguka mtaani tu, usinishukie nayo Mlima Nyoka. Kelele ikikata, umeshapata jibu na raba zenyewe bei yake huwezi kulinganisha na shokapu mbili.

Isipokata, weka jiwe nyuma ya tairi za nyuma, piga jeki, weka stendi, na nasema stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Mtu mmoja aingize mtaimbo chini ya tairi ainue taratibu kama anapima uzito, wewe shika bolijoint (kile kiungo cha duara kinachoshika mguu wa tairi) kwa vidole. Usiangalie tu, shika. Jicho halioni nusu milimita ila kidole kinaisikia ile "tk". Afu mwingine ashike tairi kushoto na kulia alitikise, hapo unasikiliza tairodi, ile nondo ya usukani inayogeuza tairi. Na usiniamini wala usijiamini kwamba ni kushoto, chasi ni chuma, sauti inasafiri, nimeshafungua kushoto wiki nzima na mgonjwa alikuwa kulia.

Jambo jingine muulize fundi wako, zile bolti za bushi na za shokapu alizikaza gari ikiwa juu ya jeki au ikiwa imesimama chini kwa miguu yake? Bushi ya raba ukiikaza gari ikiwa inaning'inia, ukiishusha raba inajisokota na kukaa hivyo siku zote, baada ya miezi michache imepasuka na wewe unasema spea za siku hizi feki. Spea ilikuwa nzima, mkazo ndo ulikuwa wa kosa.

"Ina kwikwi asubuhi tu nikiwasha, dakika mbili tatu inaacha. Nabeba wanafunzi, kipindi hiki cha baridi imezidi, wananicheka mtaa mzima." (Msomaji, Iringa)

Dada yangu huo ni mkanda. Asubuhi betri imechoka kuwasha gari, alternata inaanza kazi nzito kuijaza, mkanda wenyewe umekauka na baridi, unateleza, unalia. Betri ikishiba kidogo mzigo unapungua, kimya.

Chukua chupa ya maji, gari ikiwa inawaka umwagie mkanda kidogo upande wa ndani. Kelele ikipotea kisha ikarudi baada ya muda mfupi, mkanda umechakaa au puli hazijanyooka mstari mmoja. Kelele ikizidi pale pale, mkanda umelegea. Ni hivyo tu. Ila tafadhali sana, ukisogea pale toa mtandio, kanga, lanyadi ya kitambulisho, kila kinachoning'inia, feni haina huruma. Na kabla ya kumwaga maji zima gari kwanza ushike mkanda, ukiona umepasuka pasuka au unang'aa kama kiatu cha harusi acha majaribio, nunua mpya.

"Kaka, inavuma vuuuu kuanzia spidi 60, naenda Tukuyu na kurudi kila siku. Wengine wanasema tairi, wengine beringi, wengine difu. Nashika lipi?" (Dereva, Mbeya)

Wewe una bahati, barabara yako yenyewe ni mashine ya kupima. Kuanzia Isyonje kushuka Kiwira kona zipo za kutosha. Ukikata kona ya kulia uzito wa gari unalalia kushoto, kwahiyo uvumi ukiongezeka kwenye kona za kulia shuku beringi za kushoto, na kinyume chake. Uvumi usipobadilika kwenye kona ila unabadilika ukitoka lami mpya kuingia lami iliyochoka, hilo ni tairi, pitisha kiganja juu ya meno yake, ukisikia yamepanda na kushuka kama msumeno umepata. Na kama unavuma ukikanyaga mafuta, ukiachia unabadilika sauti au unakata, hapo ndo uanze kufikiria difu (zile gia za kwenye ekseli ya nyuma), kacheki oili yake kabla hujamwita mtu.

Ukishajua upande, nyanyua tairi, lizungushe kwa mkono mmoja na mkono mwingine uweke kwenye springi au kwenye mguu. Beringi mbovu unaisikia mkononi kama unasaga mahindi. Watu wengine wanapima kwa kugusa hab (kitovu cha tairi) ikiwa ya moto, sawa, lakini ukitoka kushuka mlima breki nazo zimechemka, utabadilisha beringi nzima kisa breki. Gusa baada ya kipande cha tambarare ambacho hukushika breki sana. Halafu usilizoee hilo vuuuu, beringi ikifika mwisho inaweza kukuondolea tairi.

"Ndani kunagongagonga kama mtu anacheza na vijiko, nimefungua dashibodi yote sijaona kitu." (Msomaji, Njombe)

Acha nikupe aibu yangu. Nilikuwa na Hiace ambayo kwa miezi mitatu ilikuwa inapiga tak tak chini ya miguu, kila ikipita kwenye matuta. Nikabadilisha raba za stabilaiza, nikabadilisha mauntingi moja ya injini, nikapeleka kwa fundi mwingine (nilikuwa naona aibu kwa wenzangu) akanibadilishia bushi. Siku moja nampeleka bibi mmoja mnene Mwanjelwa, kakaa siti ya mbele, njia nzima kimya. Kashuka, tak tak. Ilikuwa kufuli ya siti! Injini ya hizi gari iko chini ya siti za mbele, siti inanyanyuliwa ili ufikie injini, na ile kufuli inayoishika ikilegea siti inapiga kifuniko. Kipande cha tyubu ya baiskeli, basi, kimya mpaka naiuza.

Kwahiyo rudisha dashibodi yako. Toa kila kitu kwenye gari, kila kitu, jeki, spana ya tairi, chupa za soda, sarafu za konda, tairi la spea. Endesha. Kama kumekuwa kimya rudisha kimoja kimoja. Kama bado, tafuta mtu akuendeshee, wewe hama siti hadi siti na mkono wako, bonyeza dari, bonyeza panel, shika mkanda wa siti, vuta mlango wa kuburuza kuelekea kwako. Ukishika kitu na kelele ikakata, ndo chenyewe. Mlango wa kuburuza ndo mtuhumiwa wa kwanza kwenye gari iliyofanya kazi ya abiria, umebamizwa mara elfu ngapi, rola zimekwisha, zile raba za kuuzuia zimepotea. Kama huna wa kukuendeshea weka simu irekodi, leo iache siti ya nyuma, kesho kwenye stepu, linganisha ipi imeinasa kwa nguvu.

"Nikiachia klachi kuondoka inapiga TAK moja nzito chini, nikibadilisha gia nyingine TAK tena. Nabeba mbao kutoka Mafinga." (Msomaji, Mafinga)

Krosi, kile kiungo cha msalaba kwenye propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka gia hadi difu. Sijaiona gari yako lakini ungenipa elfu kumi niweke dau ningeweka krosi. Zima, weka mawe tairi za mbele na za nyuma, gia isiwe imeingia, hendibreki juu, ingia chini ushike propela uizungushe kulia kushoto kwa nguvu huku unaangalia pale inapoungana. Kucheza kidogo kule kwenye difu kupo kawaida, ila vichwa vya krosi vyenyewe havitakiwi kucheza hata kidogo. Angalia pia unga mwekundu kama wa pilipili kwenye vikombe vyake, huo ni kutu ya beringi zilizokosa grisi, ukiuona usiendelee kuzungusha, umeshajibiwa. Kama propela yako ni ya vipande viwili shika na ile beringi ya katikati. Angalia na U-bolti za springi za nyuma maana mzigo wa mbao unazilegeza, na zenyewe zinapiga tak inayofanana.

Mzigo usibebe tena mpaka ubadilishe. Krosi ikikatika ya mbele propela inaangukia barabarani ukiwa kwenye mwendo, siitaki hata kuielezea.

Huyuhuyu kaongeza kwamba ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) kuna tri tri tri ya bati, ukipandisha moto inapotea. Hicho ni kibati cha kuzuia joto kwenye ekzosi au bano limelegea, subiri ipoe, gonga kwa ngumi bomba lote kuanzia mbele hadi nyuma, litajitaja lenyewe.

"Injini 3L inagonga ka ka ka muda wote, fundi anasema tufungue injini nzima. Kuna njia ya kujua kabla?" (Msomaji, Makambako)

Ipo, na ni ya zamani. Kwa hizi injini za dizeli za Toyota, 2L, 3L na 5L zenye pampu ya kawaida, fundi analegeza nati ya bomba la nozeli (inayopuliza dizeli kwenye silinda) moja moja injini ikiwa sailensa. Ukilegeza ya namba mbili na kugonga kukakata au kukapungua sana, tatizo liko namba mbili, na mara nyingi ni nozeli, itoe ikapimwe kwenye mashine kabla ya kufungua chochote. Nozeli ikionekana nzima ndo sasa mfikirie beringi za konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na krenki), kwasababu nazo zinanyamaza ukiondoa mzigo. Ukilegeza zote nne, moja baada ya nyingine, na hamna kinachobadilika, sikiliza juu kwenye tapeti (zinazosukuma valvu), bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa sikio, unasikia kama daktari. Oili je, ipo? Maana nimeshaletewa "injini imekufa" yenye oili chini ya alama.

Glavu na miwani, na kiganja kisikae mbele ya ile nati, dizeli yenye presha inapenya ngozi na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama sindano. Gari mpya za komoni reli, zile za dizeli zenye presha kubwa inayoendeshwa na kompyuta, msijaribu kabisa hii.

"Breki zilikuwa zinapiga kwiii mwezi mzima, juzi zimeacha zenyewe. Imepona?" (Msomaji, Mbalizi)

Haijapona ndugu yangu. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachokwaruza diski kukuambia zimebaki kidogo, kibati kikikatika au kikipinda kinanyamaza na pedi zinaendelea kuisha kimyakimya. Toa tairi leo uangalie, kabla hujaushuka tena ule mteremko wa Iwambi.