Jibu: Annecy ilishuka, mbona iko Ligue 2?

Salaam mkuu. Unauliza klabu ya Annecy ya Ufaransa ilimaliza ya 17 msimu wa 2022/23, ikahesabiwa imeshuka, mbona 2023/24 imo tena Ligue 2, yaani daraja la pili.

Nikikutana na utata kama huo huwa naacha msimamo wa ligi, naanza na maamuzi ya DNCG, wale wanaokagua hesabu za klabu Ufaransa. Msimu ule Ligue 2 zilishuka timu 4 kwa sababu Ligue 1, daraja la juu, ilikuwa inapunguzwa hadi timu 18. Sochaux ilimaliza nafasi nzuri tu, lakini hali ya fedha ikaishusha hadi National, daraja la tatu, na Annecy ikabaki kwa nafasi yake. Ligi hii nusu yake inachezwa ofisini!

Usichanganye na suala la Bordeaux na Rodez, mechi ya Ligue 2 iliyovunjika Juni 2023 baada ya shabiki kumsukuma mfungaji wa Rodez. Hapo Rodez walipewa ushindi.