Linux si ngumu kuliko Windows
Je, Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ni ngumu zaidi? Hapana, kwa kazi za kila siku Linux haiizidi Windows kwa ugumu, mradi uchague toleo linalofaa. Anayetoka Windows aanze na Linux Mint yenye Cinnamon (mwonekano wa madirisha na menyu zake): menyu iko kona ya chini kushoto, kitufe cha kufunga dirisha kiko kulia, na programu unazisakinisha kutoka sehemu moja bila kuandika amri hata moja. Nimewasaidia watu kadhaa kuhama, na kwa kweli macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, ndiyo iliyowasumbua zaidi siku za mwanzo. Huko kitufe cha kufunga kiko kushoto, kunakili ni Command+C badala ya Ctrl+C, na ukifunga dirisha, programu nyingi bado zinabaki wazi. Mazoea ya mkono hayaondoki kwa siku moja!

Ila kama unategemea Photoshop au Microsoft Office ya kusakinisha, usihame. Hazina toleo la Linux, na LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika badala ya Microsoft Office, wakati mwingine huvuruga mpangilio wa faili za Word. Mint unaweza kuijaribu kwanza moja kwa moja kutoka kwenye fleshi, bila kufuta chochote.