Usiache unesi ili uimbe: niliyoyaona kwa dada wa Kihaiti

Juzi mdogo wangu mmoja yuko Texas kanitumia ujumbe. Ni CNA, yaani msaidizi wa manesi, kwenye nyumba ya wazee, na sauti anayo jamani, vile vipande alivyonirekodia nimevisikiliza nikiwa naendesha ikabidi nitafute pa kupaki nisikilize vizuri. Anauliza hivi, dada, prodyuza wangu anasema niahirishe shule ya unesi nimalize albamu kwanza, na mchungaji naye ananiambia mshika mbili moja humponyoka, nifanyeje? Nikaanza kumjibu inbox nikaona jibu linazidi kurefuka, na nawajua mko wengi huku Marekani mnageuza wagonjwa usiku kucha na moyo wote uko madhabahuni, basi ngoja niwajibu wote kwa pamoja.

Jibu langu ni USIACHE. Mwezi uliopita nimefaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa, kompyuta ikazima kwenye swali la 85 ambalo ndo la chini kabisa tangu mtihani ubadilishwe Aprili 2023 (mwisho ni 150 na unapewa saa tano), na wimbo wangu mpya umetoka wiki hizi hizi. Najivunia, na siombi radhi kwa hilo maana nimesemwa sana. Ila njia yenyewe nilionyeshwa na mtu, na mtu huyo ni Mhaiti.

Tulikutana naiti, yaani zamu ya usiku, nyumba ya wazee moja kusini mwa Boston, mimi CNA mgeni kabisa, kichwani bado nina kwaya yangu ya vijana ya KKKT Moshi, yeye ndo nesi wa zamu. Kanisani kwao wanamwita Sè, dada, na sisi kazini tukamwita hivyo hivyo mpaka Wazungu. Ukiondoa Florida na New York, Massachusetts, jimbo letu hili, ndo kuna Wahaiti wengi zaidi, Mattapan, Dorchester, Brockton wamejaa, na ukiingia nyumba za wazee za huku saa nane usiku utakuta ni wao na sisi Waafrika tumeshika zamu wakati mji umelala.

Sè alisomea unesi Léogâne, mji mmoja wa Haiti, chuo kilichofunguliwa 2005, digrii ya miaka minne. Tarehe 12 Januari 2010 jioni likapiga lile tetemeko, kitovu chake kikiwa jirani kabisa na Léogâne, sehemu kubwa ya mji ikalala chini ila chuo chao kikasimama, na wanafunzi na manesi wakaanza kuhudumia majeruhi pale pale nje kabla msaada wowote haujafika. Port-au-Prince, mji mkuu, shule ya taifa ya uuguzi iliwaangukia wanafunzi wakiwa ndani. Sè alikuwa na marafiki mle. Siku aliyonisimulia alikuwa anakunja shuka, hakuacha kukunja, alipomaliza akaniambia haya twende tukamgeuze bibi wa chumba cha mwisho.

Mwisho wa mwaka ule akaja kwa ndugu zake Brockton, na hapa ndo nataka msome taratibu nyie mnaotaka kukimbilia studio. Huyu ni nesi wa digrii, kafunga vidonda vya watu nje kwenye vumbi, lakini huku cheti chake ni karatasi tu mpaka kihakikiwe, na CGFNS (jina la wakati ule la shirika linalohakiki vyeti vya manesi waliosomea nje) walitaka chuo chenyewe kiwatumie nakala, mamlaka za kwenu nazo zithibitishe usajili wako, sasa Port-au-Prince majengo ya wizara yenyewe yameanguka, nani akutafutie faili? Akasubiri. Huku anasubiri akafanya kozi ya CNA, ile ambayo sheria ya Marekani inataka angalau saa 75, akakaa darasani anafundishwa kupima mapigo ya moyo kama vile hajawahi kumshika mgonjwa, akaanza kuogesha wazee.

Jumapili anaimba. Na anaimba kweli, nyimbo za injili kwa mdundo wa konpa ule wa kwao, kanisa zima linasimama. Basi watu wakaanza, Sè sauti kama hii unaiacha inaozea kwenye kazi ya kusafisha watu, acha, tutakuchangia, wewe imba tu. Akakataa. Nilipomuuliza kwa nini akaniambia, "Michango inakuja wimbo ukiwa mpya. Kodi ya nyumba inakuja kila mwezi."

Na muelewe alikuwa anaishije. Kibali chake kilikuwa TPS, ile hifadhi ya muda waliyopewa Wahaiti baada ya tetemeko, 2011 ikapanuliwa kuwachukua na waliokuja ndani ya mwaka mmoja baada ya tetemeko, na inarefushwa miezi 18 ikizidi sana. 2017 serikali ikatangaza inaifuta, kesi mahakamani, ikabaki. 2025 ikatangaza tena, mahakamani tena. Mtu anayeishi miezi kumi na nane kumi na nane hawezi kujenga maisha juu ya ahadi ya prodyuza wala ya mchungaji. Leseni ndo ilikuwa ardhi yake. Aliipata RN karatasi zilipokamilika, na mshahara wa RN ndo ulilipa studio, ukalipa wapiga vyombo, ukalipa video. Hakuna mtu aliyemwambia aimbe nini.

Sasa nyie mnadhani kwamba kazi inaua huduma, ngoja niwaambie nilichokiona. Tulikuwa na bibi mmoja Mhaiti, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemchukulia Kiingereza chote, halafu Kifaransa, amebaki na Kikreyoli kidogo na hasira. Usiku anapiga, anatema dawa, CNA wote tunamwogopa. Sè akawa anasimamisha kile kitoroli cha dawa mlangoni, haingii kwanza, anaanza wimbo wa zamani wa kitabu cha nyimbo cha makanisa ya kwao, taratibu kabisa, sauti ya chini. Anaimba mstari mmoja anakatisha. Bibi ananyamaza. Halafu bibi anamalizia ubeti, maneno yote, hakosei hata moja, mtu ambaye mchana hajui jina la mwanae! Ndo Sè anaingia na vidonge na kikombe cha tufaha lililosagwa, anameza. Nimeimba kwenye matamasha yenye taa na moshi, sijawahi kuona wimbo ukifanya kazi kama ule.

Kwa hiyo mtu akiniambia nesi anayeimba kagawanyika namshangaa.

Na hapa niseme langu maana limekaa moyoni muda mrefu. Kuna Desemba 31 nilipangiwa naiti, kanisani kwetu ni mkesha, mimi nilitakiwa niongoze sifa. Niliomba kubadilishana zamu na kila mtu, hakuna aliyekubali, nani anataka kufanya kazi usiku ule. Nikatoa taarifa mapema kabisa. Asubuhi naletewa klipu, kiongozi mmoja kasimama mbele za watu anasema kuna waimbaji humu wameuza madhabahu kwa dola. Hakutaja jina ila kila mtu alijua, na wengine niliowaogeshea wazazi wao bure walipotoka hospitali wakaitikia amina. Nilikuwa na wagonjwa usiku ule, mmoja yuko kwenye oksijeni, nimwache nikaimbe? Nimesamehe, ila nakumbuka.

Saa moja asubuhi tunapokezana ripoti, mama yake Sè akaingia na sufuria limefungwa taulo. Wahaiti tarehe 1 Januari lazima wanywe supu ya boga, soup joumou, boga limesagwa, nyama, kabichi, karoti, makaroni na pilipili kali ile ya mbuzi, maana enzi za utumwa ilikuwa ya mabwana tu, na walipotangaza uhuru Januari 1, 1804 wakainywa wote. Tukanywa tumesimama kwenye chumba cha mapumziko na vikombe vya karatasi, zamu inayotoka na inayoingia, na Sè akaimba, hakuna maikrofoni, na ndo ulikuwa mkesha wangu wa mwaka ule.

Haya, mtanisema nasimulia tu ushauri hamna. Ushauri wa kwanza ni kulala. Sè harekodi siku anayotoka naiti hata prodyuza alie machozi, masaa kumi na mawili ndani ya barakoa na hewa kavu ya hita koo linakuwa limeisha, unajilazimisha noti za juu unajiumiza. Kunywa maji zamu nzima, siyo chupa moja ya kubugia saa kumi na moja alfajiri. Lala, ndo uimbe. Nimesema lala.

La pili ni karatasi. Wengi mnadhani ukishamlipa prodyuza basi masta, yaani rekodi zenyewe za nyimbo, ni zako. Sivyo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inataka maandishi yaliyosainiwa ndipo haki ihame kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo kabla hujaingiza sauti asaini, na mpiga kinanda asaini, na aliyekutungia kipande cha wimbo asaini mgao wake. Kuna promota alimwambia Sè atamsambazia albamu bure akimpa masta tu, akamjibu asante, akarudi zake kazini. Mtu mwenye njaa asingeweza kujibu vile. Ukishakuwa na nyimbo jisajili The MLC, wapo tangu 2021, wanakusanya pesa za watunzi kwenye mitandao ya kusikiliza mziki na kujisajili ni bure, na wengi wetu pesa zetu zimelala huko.

Na tenzi za zamani msizichukulie tu. Wimbo uliochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita ni wa kila mtu, lakini tafsiri ya Kiswahili au mpangilio mpya unaweza kuwa na mwenyewe, na ukitaka kutengeneza video ya wimbo wa mtu unahitaji kibali chake.

Wapendwa, Mungu aliyekupa sauti ndiye aliyekupa mikono, na anajua unalipa kodi. Usikubali mtu ambaye hajawahi kukesha na mgonjwa akuhubirie habari za kujitoa! Anayekupenda atakusubiri umalize mtihani.

Mdogo wangu wa Texas, rudi shule muhula huu huu. Albamu ivunje, toa wimbo mmoja mmoja kadri mshahara unavyoruhusu. Mchungaji mpelekee ratiba yako ya zamu ya mwezi mzima kwa maandishi ili asije akasema hakujua. Na hukuniambia upo na viza gani, sasa kama ni ya mwanafunzi, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujapokea bahasha yoyote ya tamasha, hata ile wanayoandika juu yake asante mtumishi, maana hiyo nayo inaweza kuhesabiwa kuwa ni malipo ya kazi.