Kabla ya kuilaumu silikoni, uliza mkasi umeoshwa na nini

Wadogo zangu mnaoanza kupima kwa seli kama vifaa tiba vina sumu, seli hazisomi cheti cha malighafi. Zinaonja kilichochujuka kutoka kwenye sampuli, kiwe kimetoka kiwandani au mkononi mwako.

Mwaka wangu wa kwanza nilikatakata mrija wa silikoni, aina ya mpira, nikaloweka vipande kwenye kimiminika cha kuoteshea seli, nyuzi joto 37, saa 24. Kisha nikamimina dondoo, yaani kimiminika kile kilicholoweka vipande, juu ya seli za panya aina ya L929. Kesho yake zilikuwa zimejikunyata na kubanduka kwenye sahani. Nikaandika kwamba mrija una sumu. Msimamizi wangu aliisoma taarifa, akaniuliza swali moja tu: mkasi uliokatia uliuosha na nini? Niliuosha kwa sabuni ya maabara, na sikuusuuza vya kutosha. Niliporudia kwa mkasi uliosuuzwa vizuri, seli zilikaa salama. Siku ile nilikosa usingizi, maana niliona jinsi kosa la namna hiyo linavyoweza kwenda upande wa pili: mrija mbaya ukapita, akawekewa mgonjwa.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya ISO 10993, vya kupima usalama wa vifaa tiba mwilini, vinataka tupime kifaa kilichokamilika, au sampuli iliyopitia hatua zilezile. Silikoni ikitoka kwa muuzaji ikiwa safi, bado itafinyangwa, itagundishwa, itapigwa chapa ya wino, halafu pengine itauawa vijidudu kwa gesi ya ethilini oksaidi. Gesi hiyo hubaki ndani ya plastiki na mpira kwa muda, na ni sumu kwa seli. Sampuli iliyoletwa kabla haijapumzishwa vya kutosha gesi itoke itakupa jibu la gesi, nawe utadhani ni la mpira.

Uwiano wa kipande na kimiminika nao usiukisie. Kipande chenye unene usiofika nusu milimita hupewa mililita moja kwa kila sentimita 6 za mraba. Ukizidisha kimiminika unaizimua sumu, na matokeo mazuri utakayopata si ya kweli.

Kwenye kipimo cha MTT, seli hai hugeuza rangi ya njano kuwa zambarau. Uhai ukishuka chini ya asilimia 70 ya seli ambazo hazikupewa dondoo, tunahesabu kuna sumu. Lakini zipo kemikali zinazogeuza rangi hiyo zenyewe, hata pasipo seli hata moja. Weka vishimo vya sahani vyenye dondoo na rangi bila seli. Tena angalia seli kwa hadubini kabla ya kutia rangi, kwa sababu ukishatia huwezi kurudi nyuma. Na sampuli linganishi, ile tunayojua ina sumu, isipoua seli, kazi yote ya siku hiyo itupe, hata kama mteja anapiga simu kila saa. Hilo siwezi kulegeza.

Kipimo cha seli hakitoshi peke yake. Kifaa kinachokaa mwilini zaidi ya siku 30 kina maswali mengi kuliko kile cha saa chache, na kinachogusa damu kina yake.

Kwenye daftari langu safu ya matokeo huja mwisho. Kwanza naandika: sampuli imeoshwa na nini, imeuawa vijidudu kwa njia gani, imepumzika siku ngapi, nani ameishika na kwa glavu zipi. Safu hizo zisipojaa, sichukui chupa ya seli.